Namba Tasa

Mtawanya, Mtwara
12 Oktoba 1980

Mume wangu Chande,

Sisi wazima. Korosho zimeanza kudondoka, na mama anakusalimu huko Chuo Kikuu.

Tangu uondoke sijatulia. Siku ile ulipokuwa barazani ukisoma hesabu na mwenzako Rozalia, nilimsikia toka jikoni akisema, "Hii nayo ni tasa," mkacheka. Nilidhani mnanisema mimi nisiyezaa. Ndiyo maana nilimfukuza mgeni wako kabla hajala.

Jana nilimwuliza Mwalimu Petro, anayetufundisha elimu ya watu wazima, kama kwenye hesabu kuna kitu kinachoitwa tasa. Akasema, "Bi Somoe, namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, lakini ukipewa jibu tu, kuzipata zile mbili kunawashinda hata wataalamu. Siku hizi wanafungia siri kwa njia hiyo." Nikaona haya.

Basi niombee radhi kwa Rozalia. Kwenye namba nilikosea. Lakini nilipotoka jikoni niliuona mkono wake juu ya goti lako, nawe hukuuondoa. Hilo Mwalimu Petro hawezi kunieleza. Nieleze wewe.

Mkeo,
Somoe