Neno Pwani Limenifunga Kasongo

Mama yangu, mama wa Ramazani,

Ninakupa mikono miwili, na magoti iko chini hata kama hauyaoni. Lile goti lako lenye kuuma, iko namna gani? Na bibi, angali anatukana kuku kwa jina la marehemu baba? Mimi ni muzima, nimenenepa, shati zinalia kwenye mabega. Hapa Kasongo hakuna mutu wa kupiga pasi sawa mimi. Muzungu wangu wa kampani ya pamba akitoka na suruali yake nyeupe, wenzake wanamuuliza boy wake ni nani.

Sasa keti. Habari si nzuri, nitaisema polepole.

Unajua yaya Ramazani, kaka yangu mukubwa, alituma neno kwa Selemani, shofere wa kamio ya mizigo: kazi yake ya bandari kule Albertville imekwisha, na mwezi huu ukiisha wanamupandisha treni kwenda kuchimba shaba Katanga. Anataka kutuona mbele ya kwenda, maana Katanga mutu anaingia kijana anatoka muzee. Muzungu wangu naye akaenda kuwinda, akaniachia konje, mapumziko ya juma moja. Nikasema, Mungu mwenyewe ametengeneza.

Juma lile nililikunja vizuri sawa shati. Kamio inanichukua hapa, tunapita Lusangi, tunafika Kabambare, ninakuketisha mbele karibu na shofere kama bibi wa mukubwa. Ungetapika, ninakujua, nilikwisha kutafuta ndimu. Kule Albertville ungekula samaki ndagala mbichi, wewe uliyezoea zile kavu zenye muchanga, halafu useme hazina ladha. Tungeenda kuona pale ziwa linapotoka na kuwa muto Lukuga. Tungepanda mutumbwi mpaka Mutowa, pale babu alipovuka na mizigo ya watu akiwa mutoto. Na siku ya mwisho, bure kabisa: kuketi tu na yaya, kumutazama.

Ilibaki karatasi ya njia, ile ruhusa ya kusafiri. Nikaingia bilo ya teritware, pale kwa serikali, na shati unayoweza kujikata kwenye mukunjo wake. Kalani akaniuliza kwa Kiswahili chetu hiki ninaenda wapi. Mama, ningejibu Albertville, leo niko kwenye kamio. Lakini Muzungu wa teritware alikuwa pale, nikataka asikie mutu aliyefundishwa Kiswahili safi na babu. Nikatengeneza koo:

«Ninasafiri kuelekea pwani, Bwana.»

Kwetu pwani ni pale maji yanapogusa inchi, hata Nyangwe wavuvi wanavuta mitumbwi pwani. Lakini yule Muzungu anajua pwani moja tu: ile ya Waingereza na Zanzibari, kule anakosema walimu wa Kurani wanatoka kuja kutuharibu vichwa. Akaweka kalamu chini. Akauliza nani ameniita huko.

«Ndugu yangu,» nikasema.

Ungeona uso wake. Maana katika bilo ile, ndugu si mutoto wa mama yako, ni mutu wa dini mwenye kukutana na wenzake kwa siri. Nikaeleza, nikazidi kuzama: maji makubwa, mashua, babu alivuka. Kalani, ambaye anajua Albertville kuliko mimi, alikuwa anapangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Buku yangu ya kazi wameishika. Nisitoke Kasongo hata kwenda kutega ndege, na kila Jumamosi niende kuonyesha uso wangu. Nilirudi mara ya pili nikasema Albertville, Albertville, sawa kasuku. Muzungu akasema: sasa unajua kudanganya pia. Konje yangu ninaimaliza uani, ninapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa.

Basi utaenda peke yako. Omba karatasi pale Kabambare, sema unaenda kuona mutoto wako Albertville, na jina hilo ulitaje vibaya, wanapenda. Selemani atakupitia, ndimu ziko kwake.

Yaya akiuliza niko wapi, usimwambie nimefungwa, atakuja huku na watamushika naye. Sema nimekataa. Sema mudogo wako amekuwa mutu mukubwa, Muzungu hawezi kuvaa bila yeye, hana nafasi ya kutembea kwenye ziwa. Atakasirika, atanitukana sana. Umuache atukane. Afadhali apande treni na hasira.

Musalimie bibi, na baba mudogo fundi wa mikeka, na dada Mwamini umwambie mutoto wake akizaliwa na masikio yangu atakuwa na bahati. Musalimie pia mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenichapa, haikusaidia.

Wewe ukifika, mutazame yaya vizuri, mutazame mara mbili, moja yako na moja yangu.

Ni mimi mutoto wako muzuri kuliko wote,
Kasongo hapa hapa,
Juma