Kofia Nyeusi ya Kaka

Jumanne, 9 Juni
Picha imeharibika. Jana usiku nilikwenda hadi machimbo ya zamani, mbali na taa zote za mji, kupiga picha za nyota. Lenzi huachwa wazi kitambo kirefu, inywe mwanga kidogo kidogo. Mara lori. Dereva kuniona peke yangu, akasimama, akanimulika kwa taa zote — eti nimeharibikiwa na gari? Mtu mwema. Picha nyeupe pe!

Jumatano, 10 Juni
Kaka kanifokea mbele ya wateja wa picha za pasipoti. Studio tuliachiwa na baba sisi wawili, lakini yeye ndiye mwenye sauti. Watu wanasema, anasema: mwanamke gani huyu anakesha maporini? Nikitoka tena usiku, nikabidhi ufunguo wa studio, na kazini nisirudi.
Shangazi naye: nyota si zipo hata hapa uani, mwanangu? Hazipo, shangazi. Uani kuna taa ya jirani.
Nimerudi kukata picha za pasipoti. Wamedhani nimekubali.

Alhamisi, 11 Juni
Fundi kamera kanipa dawa. Gari likija, kinga lenzi kwa kofia nyeusi, bila kuigusa kamera. Likipita, ondoa. Picha haitajua kitu.
Kofia nyeusi nyumbani ni moja tu, ya kaka, ya kuendea harusi za wateja. Nimeichukua. Liwalo na liwe.

Ijumaa, 12 Juni
Machimboni tena. Mawingu ya mvua yameanza kujikusanya upande mmoja, kwa hiyo ni leo au basi. Ufunguo ninao mfukoni. Ni wangu pia! Naandika kwa tochi nyekundu, kamera nimeipa mgongo.

Kaka amekuja. Niliona taa za gari lake, nikakinga lenzi. Akashuka anafoka. Nikamwambia: zima taa kwanza, ndipo tugombane.
Akazima! Nikaondoa kofia, nyota zikaendelea kuingia.
Lete ufunguo, akasema. Nikasema sitoi. Basi lete kofia yangu. Hiyo kweli ni yake, nikampa.
Sasa kasimama kando ya kamera, uso juu. Labda anatafuta tusi la kunitosha. Hasira zimenijaa, lakini siondoki.

Taa kule barabarani. Lori, linakuja huku. Yeye ni mpiga picha kama mimi, anajua kitakachotokea. Kofia anayo mkononi.
Sinyanyuki. Nataka nione kama atakinga lenzi.