Mama Jemima Vagheni, Uliyekataa Kufunga Data

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha, na nyumba yetu ya Butembo bado haijazoea ukimya. Maana ukweli usemwe: hukuwa mtu wa kunyamaza. Ulisalimia barabara nzima kutoka nyumbani hadi hospitali, na ukifika kazini umechelewa, uliyalaumu matope.

Wengi waliuliza kazi yako ilikuwa nini hasa. Hata Papa Lusenge, miaka yote hiyo, aliwajibu kwamba mke wake "anatengeneza ordinateur," yaani kompyuta. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Uliwafundisha wauguzi na madaktari wa Butembo na Beni kutunza kwenye kompyuta habari za wagonjwa walio katika majaribio ya dawa, ili ijulikane ipi inaponya na ipi inaumiza. Mwanafunzi mpya hakugusa kompyuta kabla ya kuzunguka wodi pamoja nawe. "Kwanza uende umuone mutu," ulimwambia. "Kisha utamuandika." Wengine walinung'unika kwamba unawapotezea muda. Ulikuwa mkaidi, Mama, tuseme tu.

Ukaidi huo ndio uliomwokoa Marie-Jeanne.

Sisi Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo akina Kavira wamejaa kila kilima. Katika utafiti wa dawa ya presha kwa akina mama waliojifungua, waliingia Kavira Marie-Jeanne wawili wa umri mmoja, mmoja wa Kipese, mwingine wa Luofu. Kasonia, mwanafunzi wako, naye mtoto wa hapa hapa, alidhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Akafuta mmoja. Aliyemfuta ni yule wa Luofu, na pamoja naye yakapotea maelezo kwamba dawa ilikuwa inamtia kizunguzungu. Hakuna ambaye angemwita arudi abadilishiwe.

Siku ya kufunga data ilipofika, ambayo baada yake hakuna kinachobadilishwa tena, mkubwa wa utafiti alipiga simu kutoka mbali: "Mama Jemima, funga tu. Tulishachelewa." Lakini wewe ulikuwa umewahi kuketi na wote wawili wodini. Ulitazama majina, ukaona pengo.

"Siwezi funga, Docteur. Kuko mutu muzima mwenye tulifuta humu ndani."

"Lakini ordinateur inasema hesabu iko sawa!"

"Ordinateur haikumuona huyu mama. Mimi nilimuona."

Data ikabaki wazi. Haraka haraka haina baraka. Ulimpigia muuguzi wa Luofu, naye akaenda hadi shambani kwa Marie-Jeanne. Alimkuta kifudifudi kwenye maharagwe, mtoto analia mgongoni mwake. Wakamsimamishia dawa ile, wakampa nyingine, akapona.

Kasonia alilia, akaomba kuacha kazi. Ukamkatalia. "Nani atafundisha wengine hii kosa, kama hapana mwenye alikosa?" Ukampeleka Beni, ukamsimamisha mbele ya darasa aeleze yote mwenyewe. Tangu hapo kila mgonjwa huulizwa pia jina la mama yake na kijiji anachotoka, na hakuna anayefutwa kabla ya kutafutwa.

Tunakulilia bado, Mama. Papa amejifunza kupika sombe, yale majani ya muhogo. Hailiki, lakini tunakula na kumshukuru, kwa sababu anajitahidi, na kwa sababu sisi pia hatuwezi kuipika kama wewe. Jioni ndiyo ngumu zaidi. Tunakukosa sana.

Ila kuhusu kazi yako, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Chumba chako kimejaa. Wanakuja kutoka Beni, na hata kutoka Kamango, na viti havitoshi. Kasonia ndiye anayefundisha sasa, na majuzi tulimsikia akimkatalia mkubwa mmoja kwenye simu kwa sauti tuliyoitambua mara moja.

Wanaokukumbuka: mume wako Lusenge, watoto wako Abigaïl, Ésaïe na Tamar, dada yako Eliane wa Beni, wajukuu zako, wanafunzi wako wote, Kasonia akiwa mbele. Na mmoja aliyesafiri mwenyewe mpaka mlangoni petu, akaomba jina lake liandikwe hapa lote, lisipungue hata kidogo: Kavira Marie-Jeanne, binti wa Kanyere, wa Luofu, mzima.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe.