Manyoya Niliyoyanyoa

Jumamosi, 4 Machi

Leo zamu ya kufungua kituo chetu cha mbwa waliotupwa ilikuwa yangu. Sijafika hata getini nikamwona. Amefungwa kwenye nguzo kwa kamba fupi, hata kulala hawezi. Ndiyo mtindo wa wanaotuachia mbwa – wanakuja alfajiri, wanafunga, wanakimbia. Wakikutana nasi wataulizwa maswali.

Mbwa gani sasa! Rundo la manyoya ya kahawia, yameshikana, yananuka, macho hayaonekani. Sikumngoja mtu. Nikachomeka mashine yangu ya zamani ya saluni, nikamnyoa mwili mzima. Saa mbili nzima, na hakunguruma hata mara moja. Kumbe chini yake mna mbwa mdogo wa kijivu, mwembamba, uso wa kizee. Nikamwogesha, nikampiga picha ya ubao wa matangazo, ndipo nikamwandika kwenye daftari la mapokezi: dume, kijivu, manyoya mafupi.

Mkunga alipofika alishika kiuno. (Mwenyekiti wetu. Mkunga mstaafu, anaongoza chama kama wodi.) Nikamwambia mbwa akipita mikononi mwangu hata mama yake hamjui. Tulicheka!

Picha ya kabla ya kunyoa sikupiga. Mimi ndiye niliyezipinga mkutanoni mwaka jana, na wote wakakubali. Mteja akitoka saluni amependeza, unamwonyesha nani alivyoingia? Hawa wanahitaji kupendwa haraka.

Jumapili, 5 Machi

Vizimba vimejaa pomoni. Nimemchukua kwangu. Kwa muda tu! Kwenye chama chetu, mbwa akilelewa nyumbani kwa mtu anaitwa Mgeni, yeyote awaye, ili tusijizoeshe. Mgeni yuko chini ya meza. Hajagusa chakula.

Alhamisi, 9 Machi

Amekula!! Siku nne nilikuwa namwekea bakuli, nasimama pembeni namwangalia, ananiangalia. Leo miguu ilinichoka kwa kusimama saluni, nikavuta kiti nikakaa. Papo hapo akaanza kula. Nikainuka – akaacha. Nikakaa – akaendelea. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu nikalia. Tangu mume wangu afariki, mwaka mmoja na miezi minne, sijakaa mezani. Nakula nimesimama jikoni, sufuria mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa. Leo nimekaa na sahani. Kwa amri ya mbwa.

Jumamosi, 18 Machi

Siku kumi na nne zimetimia. Picha imekaa ubaoni wiki mbili, hakuna aliyekuja. Kanuni ni kanuni: baada ya hapo mbwa ni wa atakayeweka saini. Nimeweka saini. Jina langu lote, kama bibi harusi.

Mkunga akasema alilijua hili tangu siku ya kwanza. Mdogo wangu kanipigia simu jioni: eti dada, nasikia umeolewa tena, mahari kiasi gani? Nikamwambia huyu bwana hakoromi na hafichi soksi. Jina bado sijampa. Namwita Mgeni tu, mdomo umeshazoea.

Jumamosi, 25 Machi

Kaja mzee na magongo mawili. Fundi saa, macho yamemwishia kwenye saa za watu. Alianguka bafuni, akavunjika nyonga, akalazwa wiki tano. Alipotoka hospitalini mwanawe akamwambia mbwa alitoroka.

Mkunga akampa kiti, akafungua daftari. Mbwa wako yukoje, baba? Wa kahawia, mwanangu, manyoya mpaka machoni. Marehemu mke wangu alimtoa kwa kaka yake, basi nikamwita Shemeji. Mkunga akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Wa kahawia, manyoya marefu – hayupo. Mimi nilikuwa nafua mablanketi. Nikasikiliza kwa sikio moja. Huwa wanakuja wengi.

Mzee akajikokota mpaka mlangoni, akageuka. Ana kituko kimoja, akasema. Hali chakula mpaka mtu akae.

Blanketi likanitoka mkononi. Mkunga akacheka, akasema basi huyo ana adabu kuliko wajukuu zangu.

Sikusema kitu. Sikusema kitu!

Jumapili, 26 Machi

Mbwa wangapi wana kituko hicho? Labda wengi. Nimejiambia hivyo tangu jana.

Asubuhi, chai mkononi, yeye amejilaza penye jua, nikaita taratibu. Shemeji.

Aliruka. Akazunguka jikoni, akazunguka sebuleni, akaenda mlangoni akakaa, masikio juu. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alitazama mlango. Robo saa, nusu saa. Nilimwita Mgeni, Mgeni, njoo – wapi. Mwishowe akalala palepale, pua kwenye ufa wa chini ya mlango.

Sitamwita tena jina hilo.

Alhamisi, 30 Machi

Ni wangu. Kuna karatasi, kuna saini, kuna muhuri. Nimemtibu minyoo, nimemtoa kupe kwenye masikio mmoja mmoja. Mzee mwenyewe ana magongo, atamtembezaje? Hata haki ya mbwa tuiangalie.

Leo nimemchana mteja kwa hasira mpaka akasema mama, hicho ni kichwa.

Jumamosi, 1 Aprili

Karudi. Safari hii anataka kubandika tangazo, ila macho hayamsaidii kuandika. Mkunga akanionyesha kwa kidevu: msaidie wewe, una mwandiko mzuri.

Nikakaa. Akawa anasema, mimi naandika. Mbwa amepotea. Rangi ya kahawia. Manyoya marefu – sisitiza hapo, mwanangu, manyoya ndiyo alama yake. Mke wangu alikuwa akimchana kila Ijumaa. Baada ya yeye kufa mimi sikuweza vizuri, vidole havina nguvu, yakashikana shikana. Nilimwonea haya mke wangu.

Niliandika. Kwa mkono wangu! Manyoya marefu, nikapiga na mstari chini. Nikaandika mtaa, namba ya nyumba, namba ya simu. Nikaenda kubandika. Picha ya Mgeni bado ipo ubaoni, hatujaitoa. Mbwa wa kijivu, mfupi, msafi. Tangazo la mzee nikalibandika kando yake, vimegusana. Watu walipita wakavisoma vyote viwili.

Mzee akanishika mkono akaniombea. Mungu akupe unachokipenda, na akuachie. Ndivyo alivyosema.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliye nguoni mwa mzee huyu.

Jumanne, 4 Aprili

Nilimwambia mdogo wangu. Nilidhani atanionea huruma. Akasema: dada, ungekuwa wewe? Nikamkatia.

Mgeni amenenepa. Manyoya yameanza kurudi, bado ya kijivu, laini. Kila siku namwangalia kama rangi imebadilika. Sijui naomba ibadilike au isibadilike.

Jumamosi, 8 Aprili

Mzee hakuja. Kaja mwanawe. Shati limepigwa pasi, ufunguo wa gari unazungushwa kidoleni. Anataka tangazo litolewe. Nikamwuliza, amepatikana? Akasema hapana, nimemwambia baba nimemkuta amegongwa barabarani, nimeshamzika. Ilibidi. Hataki kuhamia kwangu, kisa mbwa! Mzee wa miaka sabini na tisa, nyonga ya chuma, anajikokota mitaani kutafuta mbwa. Si bora alie mara moja yaishe?

Nikamtazama viatu, havina hata vumbi la kuzika mbwa. Nikajua ni yeye aliyemfunga kwenye nguzo yetu. Nikamwuliza, siku ile ulimfunga saa ngapi? Tulikuwa wawili tu pale ubaoni. Ufunguo ukatulia kidoleni. Akasema mama, wewe una wazazi? Nina kazi mbili na watoto watatu na baba asiyesikia. Nilimleta kwenu, sikumtupa. Nyinyi si ndiyo kazi yenu? Machozi yalikuwa yanamlenga, naandika ukweli. Nilitaka kumzaba kibao, nikashindwa. Ningempigia nini? Yeye kasema mbwa amekufa. Mimi nimemwacha afe.

Nililitoa tangazo mwenyewe. Liko hapa kwenye kurasa hizi.

Jumatatu, 10 Aprili

Saluni nimefunga. Nimeandika "dharura" mlangoni.

Nilienda kwa Mkunga nikamwambia yote, kuanzia mashine mpaka daftari. Nilitaka anipige marufuku chamani. Alikunja khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Akasema kikanuni mbwa ni wako, hakuna wa kukunyang'anya. Akasema pia kosa la daftari ni letu sote; kuanzia leo hakuna anayenyolewa kabla ya kuandikwa na kupigwa picha. Nikangoja. Haya, Mkunga, lililobaki? Akasema lililobaki halimo kwenye kanuni, mwanangu. Hilo nenda nalo nyumbani.

Nimekwenda nalo nyumbani. Nimekaa mezani. Yeye akala. Mimi sikuweza.

Jumatano, 12 Aprili

Naandika hapahapa, kibarazani kwa mzee. Yeye yuko ndani anachemsha chai, amekataa katakata nisimsaidie. Mwandiko unakwenda upande, daftari liko gotini.

Tulikuja kwa miguu. Tulipofika kwenye kona sikuhitaji tena kutafuta namba. Mbwa alinivuta! Mimi na kilo zangu zote! Moja kwa moja hadi mlango wa bluu, akakaa, akaanza kulia ndani kwa ndani, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwangu. Mwezi na zaidi ninaye, hajawahi kunililia hivyo.

Mzee akatoka. Amekonda. Nikasema shikamoo baba, ni mimi, yule wa tangazo, nimekuja na – Yeye akasikia kucha sakafuni. Akaniwahi. Umeniletea mwingine, akasema. Mna roho nzuri nyinyi watu.

Akakaa kwenye kiti, akanyoosha mikono. Mbwa akamwingia mapajani, kichwa, miguu, vyote, analamba mikono, analamba magongo. Mzee akapapasa shingo, mgongo, masikio. Vidole vilikuwa vinatafuta. Havikupata. Niliona uso wake ukijaa, kisha ukajizima wenyewe. Ana mapenzi huyu, akasema. Hata asiyemjua anampenda. Lakini mpeleke kwa mwingine, mwanangu. Wangu amezikwa, mwanangu mwenyewe kamzika. Mtu hapewi mwingine mahali pa wake, si heshima.

Nilikuwa na nafasi. Sekunde kumi, ishirini. Na kitu ndani yangu – niandike tu, nani atasoma – kikafurahi. Kikasema: umeshamleta, amemkataa mwenyewe, nenda zako. Nilisimama kabisa. Nilivuta kamba. Mbwa hakuvutika. Alijibandika sakafuni kwenye miguu ya mzee, tumbo chini, macho yananitazama mimi. Hakunguruma. Ingekuwa afadhali angenguruma.

Mzee akasema ngoja unywe chai kwanza, usiende mkavu. Akajikongoja ndani. Mbwa akataka kumfuata, nikamzuia. Mpaka sasa nimemzuia. Kamba nimeizungusha mkononi mara tatu, vidole vinakufa ganzi, na yeye amekaza shingo kuelekea jikoni, anatetemeka mwili mzima. Nasikia vijiko. Nasikia gongo likigonga meza.

Anaongea na mimi kutoka huko ndani, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kuwa mchangamfu. Ameuliza, eti, na huyu mnamwita nani?

Nimejifanya sikusikia.

Ameuliza tena.