Kengele Isiyo na Saa

Jumatatu, 24 Machi

Tumefika! Mabega sina tena, begi la mgongoni limeyamaliza. Mdogo wangu, Injinia, kapanda kilima chote na mluzi mdomoni, mimi nyuma nahema. Ana miaka ishirini na tatu. Mimi ya kwangu thelathini na saba, na nusu ya hiyo nimeikalia kwenye cherehani.

Chumba: vitanda vya deka vitatu, feni moja, neti zenye viraka. Viraka vibaya! Aliyevishona alikuwa na hasira na mtu. Bomba linatoa maji ya chumvi. Kwa bei ile nani alalamike. Mwenye nyumba wageni wote wanamwita Mama Vyumba, basi na mimi hivyo hivyo.

Ufuo uko dakika tatu tu kwa miguu. Pale kuna banda la mzee mmoja mkavu — Mwenye Miwani. Anakodisha miwani ya kuzamia na mirija yake ya kupumulia. Ukutani ana ubao wenye misumari. Kila miwani ina namba. Ukiichukua, anatundika kibati chenye namba hiyo ubaoni, ukiirudisha anakiondoa. Ubao ukiwa mtupu anajua hakuna mtu majini, ndipo yeye na shemeji yake wanafungua injini ya boti na kuibeba kuiweka stoo. Akaeleza na kengele pia: ikigongwa, wote nje, hakuna mjadala. Maji yakianza kupwa yote yanatokea sehemu moja, kwenye pengo la matumbawe. Wanapaita Mlangoni.

Nilibishana bei mpaka akacheka. Mkono wa birika ni mimi, sikatai. Mwisho tukachukua miwani moja, tupokezane. Kibati namba tisa.

Halafu nikatia uso majini. Jamani! Samaki wa manjano, wa buluu, wengine wana mistari kama vitenge, wananipita wala hawana habari na mimi. Nililia ndani ya miwani. Safari hii nilimwahidi Injinia tangu anaingia chuo, na sasa kamaliza, kazi anaanza tarehe saba. Mama alitusindikiza stendi, akanishika mkono. Alisema nimrudishe kama alivyonikabidhi. Nikamjibu, mama, ana ndevu huyu! Hakucheka.

Kengele ilipigwa saa tano.

Jumanne, 25 Machi

Leo kengele saa sita na kitu. Injinia hakutoka. Alibaki dakika kama kumi hivi, Mwenye Miwani kasimama maji ya magoti anamwita kwa mikono. Alipotoka alikemewa kidogo. Akainamisha kichwa, shikamoo nyingi, samahani mzee. Tulipofika njiani akaanza falsafa yake.

Anasema ile kengele ni biashara. Jana saa tano, leo saa sita — kengele gani haina saa? Mtu anaigonga akijisikia, ili muda wako uishe haraka na kesho ukodi tena. Nikamwambia kijana, mzee yule anajua bahari. Akasema anajua na wateja pia.

Kusema kweli na mimi iliniingia akilini. Nimefanya biashara miaka kumi na tano, ujanja nauona kwa mbali.

Tumekula mkate na mayai. Tena.

Jumatano, 26 Machi

Injinia kapata miwani yake mwenyewe! Mama Vyumba ana kapu kubwa stoo, vitu vilivyoachwa na wageni: ndala, chaja, miwani za kuzamia tatu, kiatu kimoja cha mtoto. Alikwenda kuomba ndoo, akarudi na ndoo na miwani nyeusi yenye mrija mwekundu. Mama Vyumba alikuwa sokoni. Alipomwona nayo jioni akasema ile miwani ya watu. Nikamuuliza kama watarudi kuichukua. Akasema hao hawarudi, akaendelea kuchambua mchele.

Hawarudi kwa kuwa ni mbali na nauli ghali. Mtu gani arudi kwa ajili ya miwani?

Basi sasa tunaingia wote wawili pamoja, raha tupu. Ubaoni kibati ni kile kile kimoja. Ya kwake hana haja ya kukodi, na Mwenye Miwani hatujamwambia, maana anatoza kila kichwa kinachoingia majini, hata kama umekuja na miwani yako. Macho yake yenyewe si mazuri sana. Tunaingilia kule kwenye miamba, si mbele ya banda.

Injinia kamwona kasa. Karibu na Mlangoni. Jioni nzima ni kasa tu: kasa mkubwa kama meza, kasa kamtazama machoni. Anataka kumpiga picha na ile simu yake aliyoifunga kwenye mfuko wa plastiki. Anasema picha hiyo ndiyo ataweka mezani kwake kazini.

Kengele saa saba na nusu.

Alhamisi, 27 Machi

Sikupenda leo.

Nilikuwa nimesimama tu, maji kiunoni, natengeneza mrija wangu. Kengele ilikuwa imegongwa kama robo saa nyuma. Mchanga ukaanza kutoka chini ya nyayo zangu. Unatoka, unatoka, kama mtu anavuta zulia polepole. Nikapiga hatua kurudi, sikurudi. Nikapiga nyingine. Moyo ulinipasuka! Nilishika jiwe, nikatambaa mpaka ufukweni kama mtoto mchanga. Magoti yote damu.

Mke wa Mwenye Miwani alinipaka dawa. Mama mtaratibu, mikono mizito, yeye ndiye anayesuza miwani na kuzipanga. Akaniambia Jumatatu tulifika wakati wa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, hata mtoto anacheza. Sasa mwezi unakwisha, bamvua inakuja. Kila siku maji yatajaa zaidi na kutoka kwa nguvu zaidi, na kila siku saa yake inasogea mbele. Ndiyo maana kengele haina saa. Inafuata maji.

Aibu ilinishika. Biashara gani!

Nilimweleza Injinia yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema sawa Dada. Halafu akauliza kama kasa naye anatoka na maji au anabaki. Nikamrushia kandambili. Sikio la kufa halisikii dawa, mama angesema.

Nikataka niende nikaseme kuhusu ile miwani nyeusi, atundikiwe kibati chake. Lakini tutalipishwa za jana na leo, na kuonekana wezi. Zimebaki siku mbili. Nimeona niache.

Ijumaa, 28 Machi

Hatukuingia. Injinia kaungua mgongo, kalala kifudifudi, namkanda na losheni analalamika kama bibi. Raha! Kutwa nimemwona mbele ya macho yangu.

Mama kapiga. Nimemwambia tuko salama, tunakula vizuri. Akaomba kuongea naye. Wamecheka kwa muda mrefu, sijui nini.

Kesho siku ya mwisho. Kaniahidi: kengele ikilia tu, nje. Nimemwapisha.

Jumamosi, 29 Machi

Saa kumi na dakika hamsini. Naandika nikiwa bandani kwa Mwenye Miwani. Nisipoandika nitapiga kelele.

Injinia haonekani.

Nianze mwanzo. Tuliingia saa nane. Bahari imejaa mpaka kwenye mizizi ya miti, safi kabisa, chini unaona hata konokono. Kengele ikagongwa saa tisa na nusu. Nikatoka. Niliwahi kweli, Alhamisi ilinitosha. Nikageuka, namwona, yuko mbali kidogo upande wa Mlangoni, mrija wake mwekundu. Nikampungia. Akainua kichwa, akanionyesha kidole kimoja. Dakika moja.

Nikarudisha miwani. Mwenye Miwani akatoa kibati namba tisa, ubao ukabaki mtupu. Akaniuliza:

"Na mdogo wako?"

"Ametoka zamani. Yuko bafuni anaoga."

Ilinitoka hivyo tu! Kama ninavyomwambia mteja gauni lako liko tayari bado pindo tu, na kitambaa hata sijakikata. Niliogopa kukemewa. Niliogopa aone miwani nyeusi, aanze hesabu za siku tatu. Na niliamini kwamba dakika moja ni dakika moja.

Wakafungua injini, yeye na shemeji yake. Wakaibeba stoo. Nikasimama nakunja taulo. Nikakunja vizuri, kona kwa kona. Nikageuka — mrija hakuna.

Nikasema amezama kidogo kumtazama kasa wake. Nikangoja. Nikasema katokea kule miambani, anakuja kwa nyuma anishtue, ndiyo michezo yake. Nikaenda miambani. Ndala zake ziko pale, zimepangwa. Nikarudi. Nikamwona Mwenye Miwani anakunywa chai na mkewe, wanacheka kitu. Nikapita mbele yao. Nikapita mbele yao nikawatabasamia!

Nikaingia majini mwenyewe mpaka kifuani naita. Nikakanyaga tumbawe, unyayo umechanika vibaya. Hapo ndipo nikapiga ukelele.

Mzee hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama, chai ikamwagika, akamwita shemeji yake, wakakimbilia injini. Huku wanaifunga akaniuliza swali moja tu. Alisema yale maji hayamzamishi mtu, yanambeba. Ukijua alichukuliwa lini unajua umfuate wapi. Dakika tano, bado yuko hapo nje ya Mlangoni anazungushwa. Nusu saa, kavuka mwamba mweusi, kaingia bahari kubwa, usipoteze muda hapa, nenda moja kwa moja.

"Dada, ni muda gani tangu umwone?"

Nikasema dakika tano.

Mungu wangu. Nilisema dakika tano.

Mkewe alikuwa pale, amenisikia nikisema yuko bafuni. Shemeji mtu naye ananitazama. Ningesema nusu saa wangejua kwamba nilikaa, nikakunja taulo, nikawapita na chai yao. Mdomo ukasema tano kabla sijaamua. Wakaondoka.

Boti naiona kutoka hapa nilipokaa. Mguu umefungwa kitambaa, siwezi kuukanyaga. Wako pale nje ya Mlangoni. Wanazunguka. Mzee kasimama mbele, shemeji ameshika usukani, wanakwenda taratibu, wanatazama maji, wanazunguka tena. Wanafanya kazi yao vizuri kabisa. Wanatafuta pale nilipowaambia.

Mwamba mweusi uko kule, mbali, kulia. Hakuna mtu huko.

Nimeuliza kama simu yao wanayo. Mke kanionyesha mezani, simu ya mzee inachaji.

Saa kumi na dakika hamsini na sita. Mama kapiga mara mbili. Sikupokea.

Mke kaja na maji ya kunywa. Kakaa karibu yangu. Hakuangalia daftari. Kaniuliza kwa upole kabisa kama nina uhakika ni dakika tano, maana kwa bamvua hii mzee angekuwa ameshampata. Nikasema ndiyo, kama tano hivi.

Uongo wa tatu huo. Kwa nini? Nani ananishikia kisu? Mtu mwenyewe anayenitazama kanipaka dawa magotini.

Kasimama anarudi ndani. Nimemwita.

Nimemwambia. Yote — bafuni, taulo, miwani nyeusi, chai. Nimemwambia nusu saa ilikuwa imepita hata kabla hawajashika injini, na sasa ni zaidi ya saa nzima. Kavuta kitambaa cha meza, vikombe vikaanguka vyote, kakimbia nacho mpaka majini. Mwanamke wa umri ule, anakimbia hivyo! Yuko maji ya mapajani. Anapunga kitambaa kichwani, anakielekeza kulia, kwenye mwamba, kulia, kulia. Anapiga kelele. Upepo unatoka baharini, unanirudishia mimi sauti yake yote, wao haiwafikii.

Wamemwona! Mzee kageuka huku. Kainua mkono.

Naye anapunga. Ananyoosha mkono juu, anapunga polepole, namna ya kutuliza mtu. Anadhani tunaogopa tu. Anatuambia tusubiri.

Mke bado anaelekeza kulia. Boti imegeuka, inazunguka tena palepale.