Barafu ya Migebuka

Mama, shikamoo kutoka Mpanda, kwenye jua linalochoma hadi visigino.

Ulipopiga simu kusema migebuka, wale samaki niliokutumia, wamefika Tabora wakiwa bado wa baridi, na ukanisifu, nilifurahi nusu tu. Barafu niliyowafungia niliitoa kwenye boksi la kazi. Nilikuwa nimechota maji ya mtaro, yale tunayopeleka maabara kuangalia kama virusi vya tumboni, polio ikiwemo, vinazunguka mtaani kabla watoto hawajaugua. Nikajiambia barafu iliyobaki inatosha. Basi lililobeba chupa ya maji hayo likaharibika njiani, chupa ikafika maabara ina joto, wakaimwaga.

Leo nimerudi mtaroni. Pale kuna Mama Riziki, muuza mihogo ya kuchoma, ambaye kila nikienda ananishikia kamba ya ndoo. Akaniuliza, "Daktari, nyie mmepata nini humo? Huyu wangu anashinda anachezea maji hayo." Nikamwambia majibu hakuna, tunaanza upya. Habari ya samaki sikuitaja.

"Haya," akasema, "basi ngoja nimbebe mpaka mlete majibu."

Akamfunga mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka minne, miguu ikining'inia karibu na magoti ya mama yake, akaendelea kugeuza mihogo. Wala hakunilaumu. Akanishikia tena kamba.

Kula samaki wako, mama yangu, na Mungu akutunzie afya. Ila ukipiga simu tena, usinisifu.

Binti yako,
Paskazia