Kumi na Wanne wa Jina Moja

Gachoka, 5 Juni 2025

Mwanangu Kananu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, ila jua limeshika na mbuzi wanatembea mbali kutafuta majani. Mtoto anaendeleaje? Bado analala mchana akakesha usiku? Mwambie mumeo Stephen nimesema na yeye ambebe, mkono wake hautavunjika.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu WhatsApp yangu huwa wazi kwenye kompyuta ya shule, na kompyuta hiyo ndiyo imeniletea balaa. Jumatatu mitihani ya Kidato cha Nne ilikutwa kwenye simu za wanafunzi kabla hatujafungua bahasha. Mitihani hiyo niliichapa mimi, na ilikuwa kwenye kompyuta yangu peke yake. Mwalimu mkuu, Bwana Bundi, ameiandikia halmashauri ya shule kwamba niliiuza. Watakutana Ijumaa tarehe 20, na nimeambiwa nijiandae kwenda nyumbani. Kwa sasa wananiacha hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kuchapa.

Miaka ishirini na sita nimekuwa sekretari wa shule hii, Kananu. Sijawahi kutoa nje hata swali moja la CRE, somo la dini. Wakinifukuza kwa jambo hili nitaitwa mwizi mpaka kanisani, na hilo siliwezi.

Kompyuta yenyewe imekuwa nzito tangu mwezi uliopita, na feni inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Wewe ndiwe unayetengeneza kompyuta za watu hapo Meru. Niandikie la kufanya, tena polepole. Kwa simu utaniambia mambo manne na nikifika kwa mashine nimebaki na moja.

Mimi mama yako,
Nelius

*

Kaaga, 7 Juni 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo. Sisi hatujambo. Mtoto ananenepa, na Stephen anambeba, ingawa anataka apigiwe makofi kila akimbeba.

Barua yako nimeisoma nikalia, halafu nikakasirika, na nafikiri hasira ndiyo itatusaidia. Ningekuja mwenyewe kesho, lakini wiki nne hizi baada ya upasuaji wa kujifungua daktari amenikataza safari. Kwa hivyo wewe ndiwe utakuwa mikono yangu.

Nadhani kuna programu mbaya imeingia humo na inapeleka mafaili nje. Fanya hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Itafunguka Task Manager, orodha ya programu zote zinazofanya kazi ndani ya kompyuta wakati huo. Niandikie jina la kila moja usiyoijua. Kuna jina moja, svchost, utaliona limerudiwa mara nyingi. Hao ni wafanyakazi wa Windows wenyewe, usijisumbue nao. Ukimfunga mmoja wao unaweza kuzima mashine nzima.

Tena toka kwenye WhatsApp ya kompyuta leo, na ubadilishe maneno yako yote ya siri ukitumia simu.

Usilale na njaa kwa sababu ya watu hawa.

Binti yako,
Kananu

*

Gachoka, 10 Juni 2025

Mwanangu,

Habari za huko Kaaga? Hapa tumeamka salama. Nimekula, usiniulize tena.

Nimeandika majina yote kwa daftari, kurasa tatu, na utayapata nyuma ya barua hii. Lakini nataka tuzungumze juu ya wale ulioniambia nisijisumbue nao. Nimewahesabu. Ni kumi na wanne, wote svchost. Mwanzoni nilisema sawa, ni kama kwetu, babu ni mmoja na kila mtoto wake alimpa kifungua mimba jina la babu. Ndiyo maana tuna akina Mbaka wanne kwenye kijiji kimoja. Nilitaka kuwaacha.

Kisha nikakumbuka siku ulipoletwa kwetu mara ya kwanza. Ulikuja na blanketi la zawadi kwa mume wangu, baba mkwe wako, ukaulizia Mbaka, ukaonyeshwa Mbaka mwingine, ukampa blanketi. Naye akalipokea akaenda nalo. Ulisikia jina ukatosheka. Mtu wa huku angeuliza kwanza, huyu Mbaka ni wa nyumba ya nani?

Basi nami nikauliza. Nilibonyeza kila svchost kwa kitufe cha kulia cha mausi, nikaona maneno yanayosema Open file location, yaani mahali faili linapokaa. Kumi na watatu walitoka nyumba moja, folda ya System32 ndani ya Windows. Wa kumi na nne alitoka kwenye folda iliyofichwa ndani ya akaunti yangu. Ana jina la ukoo lakini hakai kwa babu.

Ni mimi mjinga, ama huyu ni nani?

Mama

*

Kaaga, 12 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Leo siulizi afya, najua uko sawa kuliko mimi.

Nimesoma barua yako nimesimama, mtoto mgongoni, nikarudia kuisoma, nikampigia Stephen kazini nikamsomea. Mama, si wewe mjinga. Mimi ndimi nilikosea. Miaka tisa nafanya kazi hii na nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba wote wa jina hilo ni wema. Huyo aliyeunda programu hiyo aliipa jina la svchost akijua watu kama mimi tutaipita. Hakujua kuna wewe. Nimeona haya, na nimejivunia kuwa mke wa mwanao, yote pamoja.

Huyo ndiye mwizi wako. Sasa chomoa waya wa intaneti asipeleke kitu kingine. Piga picha za skrini kwa simu, ionekane folda anamokaa. Halafu bonyeza faili lenyewe, tafuta Properties, yaani maelezo yake, uone tarehe lilipoingia. Usilifute kwa sasa hata kidogo. Likifutika, utabaki na maneno yako dhidi ya maneno ya Bwana Bundi.

Kuhusu blanketi, nilidhani mlikwisha kunisamehe.

Binti yako,
Kananu

*

Gachoka, 16 Juni 2025

Mwanangu Kananu,

Natumaini mko wazima wote watatu. Sisi hatujambo, shukrani kwa Mungu.

Nimefanya ulivyosema, na kitu kimoja ambacho hukusema. Ijumaa nilikasirika nikamfunga kwa kitufe cha End task. Alitoka, feni ikanyamaza, nikafurahi mwisho wa wiki wote. Leo asubuhi nimewasha, nikamkuta amekaa pale pale. Sikuwa nimemfuta, naapa.

Tarehe nimeipata. Faili liliingia Alhamisi tarehe 15 Mei, saa tano kasoro asubuhi. Wewe unajua nilikuwa wapi siku hiyo. Nilikuwa jikoni kwako nikikupikia uji wa kujifungua, na ruhusa yangu iko kwenye faili la ofisi. Ufunguo wa ofisi nilikuwa nimemwachia Bwana Bundi mwenyewe.

Nimetafuta kando ya hapo nikaona siku hiyo hiyo iliwekwa programu inayotoa karatasi za mitihani ya zamani bure. Nafikiri alitaka kuwasaidia wanafunzi. Nafikiri hajui alileta nini. Lakini ndiye aliyeniita mwizi. Sijui nitasema nini Ijumaa.

Mama

*

Kaaga, 17 Juni 2025

Mama mpendwa,

Salamu za haraka, nataka barua iwahi gari la vifurushi la saa nane.

Amerudi kwa sababu kuna anayemwita kila mashine ikiwaka. Kwenye Task Manager kuna sehemu inaitwa Startup, yaani watakaoamka na mashine. Utamkuta pale pia. Mbele ya halmashauri fuata mpango huu: mzuie kwenye Startup, mfunge, futa faili lake na ile programu ya mitihani, kisha zima uwashe, nao waone kama atarudi. Baadaye nitakutumia flashi yenye antivirusi, ipitie mashine nzima. Waambie pia walete mtu asiye ndugu yako athibitishe. Yuko mwalimu wa kompyuta Embu mjini, anaitwa Isaack, mtu wa haki. Nimemwomba, amekubali.

Watu waliotoa programu hiyo bure ndio wanaokusanya mitihani mipya na kuiuza. Wamekuibia wewe na wamemtumia yeye.

Kuhusu la kusema sitakufundisha. Mama, nilipoolewa niliambiwa nina bahati ya mama mkwe mpole. Hawakuniambia ana macho ya aina hii. Nimefundishwa na watu wenye vyeti, na hakuna aliyenifundisha kuuliza kama ulivyouliza. Utakalosema Ijumaa nitalikubali.

Binti yako,
Kananu

*

Gachoka, 21 Juni 2025

Mwanangu,

Amani kwako na kwa mtoto. Mimi ni mzima, na jana usiku nimelala mpaka jogoo akachoka.

Wajumbe wa halmashauri walikuwa saba, pamoja na Mwalimu Isaack. Niliwaonyesha wale kumi na watatu na nyumba yao, nikawaonyesha wa kumi na nne na ya kwake. Nilimzuia kwenye Startup, nikamfunga, nikafuta faili na ile programu. Nikazima, nikawasha. Nikafungua tena ile orodha. Nikahesabu kwa sauti, wakawa kumi na watatu. Isaack akasema ndivyo inavyofanywa, na akauliza nilisomea wapi. Nikamwambia kwa mke wa mwanangu.

Kisha mwenyekiti akataka kujua ni nani aliyemleta. Nilikuwa nimejiandaa kumtaja, Kananu, sikufichi. Nilimwangalia Bwana Bundi, jasho lilikuwa linamtoka, na nikashindwa. Nilitaja tarehe na saa tu, nikaweka ruhusa yangu mezani, nikakaa.

Bwana Bundi angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona siku ile. Alisimama akasema, "Ni mimi. Nilitumia mashine yake akiwa safarini, nikaweka kitu nisichokijua, halafu nikamwita mwizi mtu aliyeijenga shule hii." Nilimkasirikia wiki mbili, lakini wakati ule nilimheshimu, na bado namheshimu.

Unajua mikutano yote ya halmashauri, mwandishi wa kumbukumbu huwa mimi. Hata huu wa jana, mashtaka dhidi yangu niliyaandika mwenyewe, kila neno, na kichwa nimekiinamisha. Jana nilipovuta daftari niandike uamuzi, Bwana Bundi aliniomba kalamu. Akaandika yeye, polepole, mwandiko wake mbaya kama wa daktari. Alipomaliza akanisomea: "Katibu hana hatia. Aliyekosa ni mwalimu mkuu."

Nikamwambia amesahau tarehe. Akaiweka, nikatia sahihi.

Mimi mama yako,
Nelius